Utafutaji wa ndugu waliopotea vitani (Afrika ya Mashariki)

Utafutaji wa ndugu waliopotea vitani ni kazi ya kufuatilia habari za watu wa ukoo walioondoka nyumbani wakati wa vita wasirudi, au waliorudi bila habari zao kuandikwa popote. Ni tawi la utafiti wa historia ya ukoo. Katika Afrika ya Mashariki unahusu hasa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) na askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945), lakini njia zake hutumika pia kwa familia zilizotawanywa na vita vya miaka ya karibuni katika nchi za Maziwa Makuu.

Mwingereza anayemtafuta babu wa babu yake aliyekufa vitani kwa kawaida huanza na jina kamili na kumalizia kwenye kaburi au ukuta wenye jina hilo. Mkamba, Mnyamwezi au Mjaluo anayefanya kazi hiyohiyo mara nyingi hana kaburi la kuliendea, na jina alilonalo huenda si lile lililoandikwa na karani wa jeshi. Ndiyo sababu utafutaji katika eneo hili una njia zake za pekee.

Kwa nini wengi hawajulikani

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa katika Afrika ya Mashariki kuanzia Agosti 1914 hadi tarehe 25 Novemba 1918, siku ambayo jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha huko Abercorn (leo Mbala, Zambia), wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Malori yalikuwa machache na barabara zilikuwa mbovu. Wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa vichwani na watu.

Upande wa Waingereza kazi hiyo ilifanywa na Carrier Corps, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1914 katika Afrika ya Mashariki ya Kiingereza (leo Kenya) chini ya Oscar Watkins. Jina la kikosi hicho ndilo lililogeuka vinywani mwa watu kuwa Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Katika Nyasaland (leo Malawi) wapagazi waliitwa tengatenga. Mwanzoni watu walishawishiwa kujiandikisha. Tangu mwaka 1915 kulikuwa na sheria ya kuwachukua kwa lazima, na mwaka 1917 ulifanyika msako mkubwa chini ya John Ainsworth. Machifu walipangiwa idadi ya vijana wa kutoa, na wale wasio na wa kuwatetea walitangulia.

Makadirio ya idadi ya wapagazi waliotumika upande wa Waingereza katika muda wote wa vita hufika watu milioni moja, wengine wakiwa wa mkataba wa miezi michache, wengine wa wiki chache tu. Makadirio ya kawaida ya waliokufa yanazidi 90,000. Risasi ziliua wachache kati yao. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na utapiamlo, na tena mwishoni mwa mwaka 1918 na homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Aliyeanguka njiani alizikwa kando ya njia, na msafara ukaendelea.

Watkins aliweka utaratibu wa kumpa kila mpagazi namba na kibati cha kuvaa, ili mshahara wake na kifo chake viweze kufuatiliwa. Utaratibu huo ulifanya kazi kiasi kwa wale waliopitia kambi kubwa. Kwa waliokamatwa vijijini na jeshi lililokuwa likipita, wakabeba mizigo mpaka kijiji kingine, mara nyingi hakuna kilichoandikwa kabisa. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao, na suala la fedha hizo ambazo hazikudaiwa lilibishaniwa na maofisa wa Nairobi na London kwa miaka kadhaa baada ya vita.

Kisha kuna uamuzi uliofanywa kwa makusudi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake bila kujali cheo. Katika Afrika kanuni hiyo haikufuatwa kwa askari weusi na wapagazi: makaburi mengi yaliyokuwa yakijulikana yaliachwa yamezwe na pori, na mahali pa majina zikajengwa sanamu tatu za shaba katika miji ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam iliwekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann. Ina maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Wapita njia wengi wa leo hawajui kwamba hiyo ni alama iliyowekwa kwa ajili ya babu zao.

Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo (siku hizi Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC) ilitoa ripoti iliyokiri jambo hilo. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tangu hapo utafutaji wa majina umeendelea, na hati za jeshi la kikoloni zilizobaki mikononi mwa Jeshi la Ulinzi la Kenya zimetoa majina ya maelfu ya watu waliokuwa hawamo katika orodha yoyote.

Maana yake kwa familia

Mtu aliyekufa huzikwa, na matanga yakaisha. Mtu aliyepotea huacha mambo wazi. Je, mkewe aolewe na nani, na watoto watakaozaliwa waitwe wa nani? Shamba lake ligawanywe au lisubiri? Katika sheria ya Kiislamu fungu la mtu asiyejulikana alipo huwekwa mpaka kadhi ahukumu kwamba amekufa. Miongoni mwa Wajaluo aliyekufa mbali bila mwili kupatikana anaweza kuzikwa kwa kutumia tunda la mti wa mvungunya (kwa Kijaluo yago), likalazwa kaburini badala yake. Familia zilizofanya mazishi ya namna hiyo kwa ajili ya mtu wa Kariakoo zina kumbukumbu nzuri zaidi kuliko ofisi nyingi, maana zinajua ni mwaka upi ukoo ulikata tamaa ya kumngoja.

Kuanzia nyumbani

Utafutaji huanza kwa wazee wa ukoo, tena mapema, kwa sababu nyaraka zinaweza kungoja lakini mzee hangoji. Wajukuu wa watu wa 1914 wenyewe sasa ni wazee. Maswali yenye manufaa ni yale madogo: aliondoka pamoja na nani wa kijiji hicho, alichukuliwa na chifu yupi, nani alileta habari za kifo, kama alirudi, alirudi na nini. Mara nyingi jibu la swali la kwanza ndilo linalofungua mlango, kwa kuwa watu wa eneo moja walipelekwa pamoja, na mwenzake aliyerudi huenda ameandikwa mahali fulani.

Wazee hawatumii tarakimu za miaka, ila wana kalenda yao. Husema mtu alizaliwa wakati wa Maji Maji (1905–1907), au alitahiriwa na rika fulani, au aliondoka kabla ya njaa fulani. Ugogoni, kwa mfano, njaa kubwa iliyofuata majeshi yaliyonyang'anya nafaka na ng'ombe inaitwa Mtunya, na inajulikana kuwa ya miaka 1917–1920. Tukio lililowekwa "kabla ya Mtunya" limepata mwaka wake. Ni vizuri kuandika maneno ya mzee kama alivyoyasema, kisha kuweka mwaka pembeni. Anayebadilisha maneno ya mzee kuwa tarehe moja kwa moja hufuta ushahidi wake mwenyewe.

Sandukuni huweza kubaki cheti cha kuachishwa jeshi, kitambulisho, picha au medali. Medali za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza zina maandishi madogo yaliyochongwa kwenye ukingo: namba, cheo, jina na kikosi. Yasiguswe kwa dawa ya kung'arishia, kwani yanafutika. Nyota za Vita Kuu ya Pili, kama ile ya Burma, kwa kawaida zilitolewa bila jina, hivyo zinathibitisha kwamba mwenyewe alikuwa huko lakini hazisemi alikuwa nani.

Namba ya kikosi nayo inasema mengi. Katika King's African Rifles (KAR, kwa wananchi "Keya") batalioni ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ya 3 ya Kenya, ya 4 ya Uganda. Ya 6 iliundwa wakati wa vita kwa kuchukua waliokuwa askari wa Wajerumani, na ya 7 ilitokana na Zanzibar. Kwa hiyo si ajabu mtu mmoja kuonekana katika majeshi yote mawili, na familia inayosimulia kwamba babu "alipigana pande zote" isidhaniwe inatia chumvi.

Tatizo la majina

Hapa ndipo watafutaji wengi hukwama. Mtu aliyejulikana nyumbani kwa jina la ukoo alijiandikisha kwa jina la Kiislamu alilopata kambini, au kwa jina la utani, au kwa jina la chifu wake kana kwamba ndiye baba yake. Wengine walidanganya kwa makusudi ili wakitoroka wasifuatwe kwao. Kuhusu kabila, karani aliandika alichoambiwa na mnyapara: "Mnyamwezi" na "Mmanyema" yalikuwa majina ya kazi kama yalivyokuwa ya makabila, na "Msudani" aliweza kuwa mtoto aliyezaliwa Bagamoyo.

Juu ya hayo kuna tahajia. Jina moja huonekana kama Hamisi, Khamis au Amisi. Selemani, Suleiman au Sulimani. Makarani Wajerumani waliandika kwa masikio ya kwao. Mwanza ilikuwa Muansa, Arusha Aruscha, Ujiji Udjidji, na majina ya watu yalipitia mlango huohuo. Anayetafuta katika orodha ya kompyuta afanye kwanza zoezi la kuandika jina lake kwa kila namna ambayo mgeni angeweza kulisikia, kisha atafute moja moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini imewapatia wengi waliodhani hawamo.

Majina kufanana si ushahidi. Juma bin Hamisi walikuwa wengi. Angalau mambo mawili mengine yanapaswa kulingana, kama vile wilaya, chifu, kikosi au mwaka, kabla ya kusema "huyu ndiye".

Vyanzo vya maandishi

Orodha ya CWGC ina watu wapatao milioni 1.7 wa vita vyote viwili, na inaweza kutafutwa bure kwenye intaneti. Katika Afrika ya Mashariki makaburi yake ya Vita Kuu ya Kwanza yako pamoja na mengine Taveta, Voi, Moshi, Tanga, Iringa, Morogoro na Dar es Salaam. Wengi walioandikwa humo ni Wazungu na Wahindi, pamoja na sehemu ya askari wa KAR. Wapagazi ni wachache. Kutomwona mtu humo basi si dalili kwamba hakufa vitani.

Nyaraka za taifa za Nairobi na Dar es Salaam zinahifadhi mafaili ya utawala: barua za maofisa wa wilaya, hesabu za watu waliotolewa, malalamiko kuhusu mishahara. Majina ya watu mmoja mmoja hupatikana humo kwa bahati, lakini yanaeleza ni lini na kwa njia gani watu wa tarafa fulani walichukuliwa. Mjini London, katika nyaraka za taifa za Kew, shajara za vita za vikosi (kundi la WO 95) hueleza kila kikosi kilikuwa wapi siku gani. Zinataja maofisa kwa majina na Waafrika kwa idadi. Hata hivyo, akijua kikosi cha babu yake, msomaji anaweza kumfuata siku kwa siku hadi mtoni alikovuka.

Makanisa ni hazina inayosahaulika. Daftari za ubatizo, ndoa na mazishi za misheni zilianza katika sehemu nyingi kabla ya vita, na ziliandika jina la mtu pamoja na la baba na kijiji. Misheni kadhaa zilipeleka watu wake kwa makundi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916, na mwaka 1917 daktari John Arthur alikusanya vijana wapatao 1,750 wa misheni za Kenya katika Kikuyu Mission Volunteers. Mtu aliyekwenda kwa njia hiyo ana nafasi nzuri kuliko wengine ya kupatikana kwenye karatasi.

Kuhusu vita vya upande wa magharibi, ambako jeshi la Kongo ya Kibelgiji lilitwaa Tabora Septemba 1916, nyaraka nyingi ziko Brussels na ni za Kifaransa.

Vipimo vya DNA vinaweza kuunganisha matawi ya ukoo yaliyopoteana, lakini tu ikiwa ndugu wa tawi la pili naye amepimwa. Kwa sasa waliopimwa katika Afrika ya Mashariki ni wachache, na majibu kuhusu "asili" yanayouzwa na makampuni yasichukuliwe kuwa ni ya uhakika.

Upande wa Wajerumani

Askari na wapagazi wa Schutztruppe ni wagumu zaidi kufuatilia. Jeshi lilikuwa likikimbia kwa miaka miwili, na wapagazi wake wengi walichukuliwa na kuachwa bila hati. Nyaraka za jeshi la Prussia zilizokuwa Potsdam ziliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Mafaili ya wizara ya makoloni yamebaki Berlin, na sehemu ya mafaili ya utawala wa Kijerumani iko Dar es Salaam.

Mmoja ambaye maisha yake yamejulikana vizuri ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani mwenye cheo, naye mwenyewe aliingia jeshini akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mshahara wake na wa baba yake wa wakati wa vita. Aliambiwa amechelewa. Alibaki huko, akafanya kazi ya hotelini, akafundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu, akaoa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake mbele ya nyumba alimoishi Berlin. Inafaa kuangalia ni nini kilichomwokoa asisahaulike: ni yale madai yake ya mshahara. Ofisi iliyomnyima fedha iliweka barua zake. Hiyo ni njia ambayo mtafutaji yeyote anaweza kuitumia, kwa sababu mtu maskini huingia katika faili za serikali pale anapodai, anaposhtaki au anaposhtakiwa.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai. Wengi hawakuwa na cheti. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza wazee walipewa fimbo ya ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na kwamba hakuna aliyeshindwa.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Habari za vita hivi ni nyingi zaidi, na majina ya waliokufa kwa sehemu kubwa yameandikwa. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana Burma (leo Myanmar) mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw katika mvua na tope hadi Kalewa. Humo batalioni za 26 na 36 zilikuwa za Tanganyika, za 34 na 44 za Uganda, ya 11 ya Kenya na ya 22 ya Nyasaland. Waliofia huko bila kaburi wameandikwa katika ukumbusho wa Rangoon ulioko Taukkyan. Ni majina 27,000 hivi ya watu wa mataifa mengi.

Msiba mkubwa wa siku moja ulitokea baharini. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Familia nyingi ziliambiwa tu kwamba mtoto wao "amepotea baharini". Majina ya waliokufa safarini namna hiyo, pamoja na waliofia Ethiopia, Somalia na Madagaska, yako katika Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Mahali hapo panafikika kwa matatu, na walinzi huonyesha daftari la majina kwa anayeomba.

Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, hasa Mambo Leo (tangu 1923) la Tanganyika na Baraza (tangu 1939) la Nairobi, yanafaa kupekuliwa kwa habari za askari.

Vita hivyo vilileta pia wageni ambao sasa wanatafutwa na jamaa zao. Huko Tengeru karibu na Arusha kulikuwa na kambi ya wakimbizi Wapolandi tangu mwaka 1942, na makaburi yao, yapatayo 150, hutembelewa hadi leo na wajukuu kutoka Ulaya.

Vita vya karibuni

Kwa waliotenganishwa na vita vya Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia, kazi ya utafutaji inafanywa hasa na Msalaba Mwekundu kupitia ofisi za kila nchi na kambi kama Kakuma, Dadaab na Nyarugusu. Huduma hiyo ni bure. Mtafutaji hujaza fomu yenye majina yote ya anayetafutwa, ya wazazi wake, mahali alipoonekana mara ya mwisho na waliokuwa naye. Anayejulikana alipo anaweza kuandikiwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu, barua fupi ya mambo ya kifamilia ambayo hupelekwa wazi. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 redio pia ilitumika sana: idhaa ya BBC kwa lugha za Kinyarwanda na Kirundi ilianzishwa mwaka huohuo, na kwa muda mrefu ilisoma majina ya watoto waliopatikana na ya wazazi waliokuwa wakiwatafuta.

Watoto waliopotea wakiwa wadogo mno kujua jina la baba walitambuliwa kwa vitu vingine: picha zilizobandikwa ukutani kambini, kovu, wimbo wa nyumbani, au jina la ng'ombe waliyekuwa wakimchunga.